Re: Bibi ana mimba ya miezi sita, naanzia wapi na budget?

Mudogo wangu, nimesoma vizuri. Unaendesha moto (pikipiki) hapa Bukavu, feza inaingia kila siku lakini kidogo kidogo, na familia inakusukuma ununue kitanda ya mutoto na pusetti, ile kigari ya kusukumia mutoto. Hiyo pusetti acha kabisa, kwa hii milima na matope utaisukuma wapi? Ile utatumia ni kitambaa ya kumubeba mugongoni.

Anza na materniti, pale bibi atazalia. Wiki hii enda pale anapimisha mimba, uliza bei ya kuzala kawaida na bei ya operesheni, andika zote mbili, halafu weka akiba ukiangalia ile ya operesheni, juu operesheni ikifika usiku haukopi tena ovyo ovyo, na banki lamberi, wale watu wanakopesha feza na riba kubwa, watataka riba ya kukuumiza miezi mingi. Ukiwa na mituweli ya afya karibu, ile kikundi watu wanachangia feza ili iwalipie hospitali, uliza wanaanza kulipia lini, nyingi ziko na muda wa kungoja.

Kila jioni, mbele ya kununua kitu, toa ya esansi (petroli), toa ya mutoto, umupe bibi aweke mu AVEC yenu, kikundi yenu ya kuweka akiba na kukopeshana, ile ingine njo ya chakula.

Nguo za mutoto chagua chaguwa (mitumba) pale soko ya Kadutu, ufue, upige pasi. Maziwa ya boîte (ya kopo) usibajetie, ya mama inatosha miezi 6, ongeza tu chakula ya mama. Chanjo za serikali ni bure.

Lakini bibi akitoka damu, ao kichwa kimuume sana na uso kuvimba, musihesabu feza, mukimbie hospitali palepale.