Pikapu ya marehemu baba inachemsha mlima wa Kimara

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya 3L. Naitumia kubeba chakula cha kuku kutoka mjini kuja Kibamba. Kwenye foleni haina shida, lakini nikiwa na mzigo, nikianza kupanda Kimara mshale wa temperecha unakaribia nyekundu. Nikifika Mbezi lazima nisimame nusu saa ipoe, kisha naongeza maji. Fundi wa mtaani aliitoa thamostati, ile vali ya kupitisha maji kwenda kwenye rejeta, akisema ndiyo inayobana maji, hali ikabaki vile vile. Sasa anasema hedi, yaani kichwa cha injini, imekufa, nitafute injini ya mtumba. Ndugu wananiambia niiuze, mimi sitaki. Nifanyeje?
Msomaji, Kibamba

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Hiyo injini ya mtumba usiinunue kwanza. Maelezo yako yameshatoa nusu ya jibu: pikapu inachemsha mlimani ikiwa na mzigo, ila kwenye foleni imetulia. Fundi anayeshika spana kabla ya kuuliza gari linachemshia wapi atakubadilishia spea mpaka pesa ikuishie, na ugonjwa ubaki pale pale.

Ukiwa umekwama Ubungo hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta, kazi yote inafanywa na feni. Feni ingekuwa imechoka, mshale ungepanda hapo hapo. Mlimani mambo ni mengine. Injini inachoma dizeli nyingi, joto ni jingi, na rejeta inatakiwa ipitishe maji mengi na kuyapoza haraka. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kulimudu joto la injini iliyo kwenye sailensa, gari likiwa limesimama, lakini si la injini inayovuta magunia kutoka Ubungo hadi Mbezi. Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni rejeta, hedi inafuata.

Ngoja nikueleze kuhusu thamostati, maana kosa hili naliona karibu kila wiki. Thamostati inaanza kufunguka maji yakifika kama nyuzi 82. Nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikishapata moto, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato, ile ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupozwa. Unaweza kuwa umeongeza tatizo. Nunua mpya, na kabla haijafungwa itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ikining'inia kwa uzi. Maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka taratibu. Isipofunguka, irudishe dukani. Mwambie fundi aifunge kile kipini kidogo kinachochezacheza kikiwa juu, ndipo hewa inapotokea.

Sasa maji. Hukusema unaongeza maji gani, nami naogopa ni ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na chumvi ndani ya injini inakula chuma huku ikiacha utando mgumu kwenye vijia vya rejeta. Niliwahi kufungua rejeta ya pikapu kama yako iliyokuwa ikifanya kazi Mbagala. Tulipotoa tangi la juu, vijia vilikuwa na ukoko mweupe kama ule wa kwenye kitako cha birika la zamani, na zaidi ya nusu havikupitisha hata waya. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha wota pampu mara mbili. Pampu hazikuwa na kosa lolote.

Yako unaweza kuipima mwenyewe. Ukitoka safari na injini imepata moto, zima kabisa, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kuanzia juu kwenda chini, taratibu usijiunguze. Joto linatakiwa lipungue kidogo kidogo. Ukikuta eneo la baridi katikati ya sehemu ya moto, hapo maji hayapiti. Angalia na nje pia. Kama gari lina kondensa ya AC mbele, mulika tochi katikati yake na rejeta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini mpaka leo natoa vipande vya rambo vilivyoganda humo pamoja na majani na tope, vimeziba upepo.

Rejeta ikiwa bado ni ya shaba, mpelekee fundi rejeta afungue matangi, apitishe chuma chembamba katika kila kijia, kisha achomelee. Hapo mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam kazi hiyo wanaijua vizuri. Ikiwa ilishabadilishwa ikawekwa ya alumini yenye matangi ya plastiki, usihangaike kuifungua, tafuta nyingine. Ukirudisha, jaza kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Ukikosa, maji safi ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Badilisha na mfuniko wa rejeta. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na watu wanakidharau. Mfuniko ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima unabana presha kiasi kwamba maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 118. Mpira wake ukifa, yanachemka kwenye 100, kama ya chai. Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka usoni, na nimeshamwona kijana wa gereji akiungua kifua kizima.

Hedi nayo tuipime, kwa sababu gasketi, kile kiziba kati ya hedi na bloku, ikianza kuvuja inaweza kujificha mpaka injini ibanwe na mzigo. Asubuhi injini ikiwa baridi, jaza rejeta, acha mfuniko wazi, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma, na ukisikia harufu ya moshi kwenye maji, gesi ya silinda inapenya. Dalili nyingine ni hozi ya juu kuwa ngumu kama gogo dakika chache tu baada ya kuwasha, au oili kwenye dipstiki kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Usipoona hata moja, hedi iache ilivyo.

Ukiziona, bado si lazima injini nzima. Hedi ishushwe, ipelekwe kwa fundi mashine apime kama imepinda na aijaribu kwa presha, maana hedi za jamii hii ya injini zikichemshwa mara kwa mara hupasuka. Na hapa msimamie fundi wako kwelikweli: gasketi ya 3L inakuja kwa unene wa aina 3, zenye alama B, D na F, na inachaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Akichukua yoyote iliyoko dukani, gari linaweza kuwaka kwa shida au pistoni kukaribia valvu kupita kiasi. Kwa kuwa taiming belti itakuwa imeshatoka, weka mpya. Haitakiwi kuvuka kilomita 100,000, na sidhani kama unajua mara ya mwisho mzee aliibadilisha lini.

Jambo moja zaidi. Ukipanda Kimara, tazama kioo cha pembeni. Moshi mweusi mzito ni dizeli inayozidi hewa, na dizeli ya ziada ni joto la ziada. Anza na kichujio cha hewa, kisha nozeli zinazopuliza dizeli zipimwe.

Nakuunga mkono kutoiuza. Naipenda sana 3L: ujazo wa cc 2,779 bila turbo wala kompyuta, na fundi yeyote aliye makini kuanzia hapa hadi Sumbawanga anaijua. Ikitengemaa, siku moja iache kazi ya kuku, wapeleke watoto Bagamoyo, kama kilomita 70 tu, madirisha wazi. Mkirudi, ioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ya pwani isikae kwenye chesisi.

Lakini kwanza fanya kipimo cha kiganja wikendi hii. Baada ya rejeta, thamostati na mfuniko kukamilika, pakia magunia yale yale, panda Kimara saa nane mchana jua likiwa kali, kisha niandikie mshale ulikuwa wapi ulipofika Mbezi.