Skopu ya kuwindia kulungu: nunua mwanga, zumu itajijua

Nyie mnaoanza kuwinda kulungu, swali lenu la kwanza kuhusu skopu, ile darubini ya juu ya bunduki, huwa ni hilohilo: skopu hii inavuta mara ngapi? Tisa? Kumi na sita? Ishirini na nne? Na muuzaji anajua mtauliza hivyo kwa hiyo anakutolea ile ndefu yenye nobu kubwa kubwa (vile vifundo vya kuzungusha kurekebisha shabaha), unachungulia nje saa saba mchana, unasoma bango lililoko mbali huko, unaona dunia yote imekuja mlangoni, unalipa unaondoka. Shida ni kwamba kulungu hatoki saa saba mchana. Anatoka alfajiri na jioni giza linapoanza kuingia, na mara nyingi anatokea karibu kuliko ulivyofikiria, mita hamsini, mita themanini, akiwa mbali sana basi mia mbili. Skopu yako itapimwa kwenye zile dakika za mwisho kabla muda wa kisheria wa kupiga haujaisha, hapo ndo utajua ulinunua nini.

Tuanze na namba maana zinachanganya watu. Skopu ikiandikwa 3-9x40 maana yake inavuta kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Sasa chukua hiyo 40 uigawe kwa zumu uliyoweka, yaani zile mara inazovuta. Kwenye 4 unapata 10, kwenye 9 unapata kama 4.4, na hiyo ndo milimita ya mduara wa mwanga unaoingia jichoni. Ukitaka kuuona kwa macho yako, shika skopu mkono ukiwa umenyooka, elekeza kwenye mwanga, utaona kiduara cheupe katikati ya lenzi ya nyuma, halafu zungusha zumu taratibu uone kinavyosinyaa. Kwenye giza mboni ya kijana inafunguka mpaka kama milimita 7, mtu wa makamo kama 5, kwa hiyo jioni ukiwa umeweka 9 unajinyima mwanga wewe mwenyewe, punguza mpaka 6 na kulungu aliyekuwa kivuli tu anarudi kuwa kulungu. Wajerumani na jirani zao wanaosubiri nguruwe pori kwa mbalamwezi wamezipenda 8x56 miaka mingi kwa hesabu hiyohiyo, 56 kwa 8 ni 7, jicho limepata yote linaloweza kupokea.

Kitu cha pili ni upana wa unachokiona. Skopu ya kawaida ikiwa kwenye 3 inakuonyesha kama mita 10 za upana ukiangalia umbali wa mita 100, ikiwa kwenye 9 inabaki kama mita 4 hivi. Sasa mlete kulungu kwenye mita 30, zile mita 4 zinakuwa mita moja na kidogo, unanyanyua bunduki na kinachojaa kwenye lenzi ni manyoya ya kahawia, na yana ukungu, hujui kama ni bega au paja au ni kichaka kikavu tu, unahangaika kusogeza huku na huku na yeye kashaondoka. Ndo maana mimi zumu ya chini naiangalia kabla ya ile ya juu. Skopu inayoanzia 2 au 3 itakusaidia siku nyingi, inayoanzia 6 ni ya kulenga karatasi.

Kwa hiyo ukiniuliza nikuchagulie haraka haraka: 3-9x40 au 2.5-10x42 inatosha kazi yote hadi mita 250. Msitu wako ukiwa mnene na huoni zaidi ya mita 100, chukua 2-7x33 au hata 1-4, nyepesi, fupi, haisumbui. Kuna wazee bado wana 4 isiyobadilika na hawana mpango wa kubadilisha, na siwalaumu hata kidogo. 4-16 ina maana tu kama unawinda sehemu wazi kabisa, mashamba makubwa au miteremko isiyo na miti, na hata hapo utajikuta mara nyingi umeiacha kwenye 6.

Lenzi ya 50 inavutia macho, najua. Inaleta mwanga zaidi ndio, lakini inakulazimisha kuweka ringi ndefu (zile pete zinazoishika skopu juu ya bunduki), skopu inapanda juu, shavu linatoka kwenye kitako cha bunduki na unaanza kulenga huku shingo yako inaning'inia hewani. Faida uliyopata kwenye kioo unaimwagia hapo.

Kuhusu kioo chenyewe, kila uso wa lenzi usiopakwa dawa unarudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya skopu nyuso ni nyingi, zidisha mwenyewe. Unachotaka ni ile ambayo nyuso zote zimepakwa na zimepakwa tabaka nyingi, na karatasi ya skopu inapaswa kusema hivyo waziwazi, ikisema tu "zimepakwa" jiulize ni ngapi. Na ukienda kuijaribu nenda jioni, usiangalie bango wala gari, angalia kona yenye kivuli, chini ya mti, nyuma ya ukuta, uone kama unaweza kutenganisha tawi na tawi. Weka skopu mbili za bei tofauti kwenye zumu ileile halafu zibadilishane jichoni, tofauti utaiona mwenyewe na pengine utashangaa ile ya bei ya kati imekutosha kabisa.

Sasa umbali wa jicho, hapa naomba mtulie kidogo. Kati ya jicho lako na lenzi ya nyuma kunatakiwa kubaki nafasi ya sentimita 9 hivi picha ikiwa imejaa bila kivuli cheusi pembeni. Ikiwa ndogo kuliko hapo, bunduki inapopiga teke ule mdomo wa skopu unakuja moja kwa moja juu ya nyusi, kuna wawindaji wengi wana kakovu ka mwezi mchanga hapo na wote wanajua kalitokea wapi. Kupiga kuelekea mlimani ndo hatari zaidi maana unakuwa umejikunja na jicho limesogea mbele. Wakati wa kufunga skopu, bunduki ikiwa haina risasi, funga macho, nyanyua bunduki begani kama unavyonyanyua siku zote, laza shavu, halafu fungua macho. Picha imejaa? Sawa. Unanyoosha shingo kuitafuta? Sogeza skopu, shingo iache. Fanya hivyo ukiwa umevaa lile jaketi zito unalowindia nalo, sio fulana.

Msalaba wa ndani, ile mistari ya kulengea, usiwe na mambo mengi. Ule wenye mistari minene pembeni unaokuwa mwembamba katikati unatosha, giza likiingia ile minene inaelekeza jicho katikati hata kama ile myembamba imepotea. Kidoti cha taa katikati ni kizuri kama mwanga wake unaweza kushushwa chini sana, kikiwaka kama taa ya breki kinamziba kulungu aliyesimama nyuma yake. Kama una zile alama za chini za kulengea mbali, elewa kwamba kwenye skopu nyingi za kuwindia alama hizo ni sahihi kwenye zumu moja tu, kawaida ile ya juu kabisa, ukipunguza zumu hesabu yote inabadilika. Nobu za pembeni chagua zenye vifuniko, mana zile za wazi zinajizungusha kwenye begi na kwenye matawi bila kukuaga. Paralaksi, yaani alama kuonekana imehama jicho likitoka katikati, isikunyime usingizi, skopu nyingi za kuwindia zimewekwa kiwandani kwa mita 90 na kitu na kwa umbali wetu huu kosa lake ni dogo ukiweka jicho katikati.

Halafu ringi! Watu wanaweka hela yote kwenye skopu halafu wanaifunga kwa vyuma laini vya kuokota, risasi zinaanza kutawanyika wanasema skopu mbovu. Kabla hujailaumu skopu kagua skrubu. Futa mafuta kwenye nyuzi za skrubu, kaza kwa bisibisi yenye kipimo, skrubu za ringi nyingi zinataka kama nyutonimita 2 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), soma karatasi ya mtengenezaji ufuate yake, na ukaze kwa kupokezana upande huu na upande huu. Ukikaza kwa nguvu za mkono unaponda bomba la skopu na ndani kitu kinakwama.

Kuweka shabaha anza mita 25, risasi zikishagonga karatasi rudi mita 100. Kliki moja, yaani hatua moja ya kuzungusha nobu, kwenye skopu nyingi ni robo dakika ya pembe, sio ya saa, ambayo ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kwenye mita 25 unahitaji kliki mara nne zaidi kusogea kiasi kilekile, usishangae. Kwa katriji kama .308 au .270, acha risasi zigonge sentimita 4 au 5 juu ya alama kwenye mita 100, itarudi kwenye alama karibu na mita 200, na kwenye 250 inakuwa imeshuka sentimita kumi na kitu. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo mpaka mita 200 unalenga katikati na huzungushi chochote. Tumia risasi zilezile utakazowindia, ukibadilisha aina unaanza upya. Na ukitaka kujua kama skopu ni ya kweli, piga risasi moja, panda kliki 20, kulia 20, shuka 20, kushoto 20, ukipiga kila kona huku umelenga alama ileile, ya mwisho inatakiwa irudi jirani na tundu la kwanza.

Porini tembea ikiwa kwenye zumu ya chini kabisa. Kulungu wa mbali anakupa muda wa kuongeza, wa karibu hakupi. Na kutafuta wanyama tafuta kwa binokula, usitumie skopu kukagua nani anatembea kule, maana skopu ikimuangalia mtu na mtutu unamuangalia. Ukikaa kusubiri kwenye baridi usipumulie lenzi ya nyuma, ukungu wa pumzi hauondoki haraka, na usiufute kwa mkono wa shati, beba kakitambaa ka lenzi mfukoni na vifuniko viache vimefunga mpaka ukae vizuri.