Usivute hiyo boti bado: mbao za trela hazijafika nyuma

Mkuu mleta mada, kabla hujamtumia mwenye pikapu hela ya mafuta, simama hapo hapo. Umeandika una boti ya faiba ya futi 18 na mashine ya nguvu farasi 60 pale Kibirizi, Kigoma, unataka kuivuta hadi Tabora ukaitumie bwawa la Igombe, na umepata trela la boti ya futi 15 "ila fundi amesema ataongeza mbao". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenifanya nishike simu. Maswali yako mengine, rangi, TASAC (wale wasimamizi wa vyombo vya majini), bei ya kukodi gari, yana watu wake humu.

Kuongeza mbao sawa. Mbao hiyo itakalia nini? Muulize hivyo hivyo fundi wako. Mimi niliambiwa "itakaa tu, boti nyepesi hii", na aliyeniambia anachomelea mageti mazuri sana. Geti halibebi mashine ya kilo mia.

Majini boti inabebwa na maji, chini yote. Kwenye trela inabebwa na mbao mbili na roli chache za mkuku (ule uti wa mgongo wa chini ya boti), basi. Halafu mashine ya 60 ni kilo 100 na ushee, na haijakaa ndani ya boti, inaning'inia nje ya ubao wa tezi, pale nyuma inapofungwa. Sasa mbao zikiishia sentimita 40 kabla ya tezi, hizo sentimita 40 pamoja na mashine ziko hewani. Kila tuta na kila rasta, mashine inachapa chini na juu, na ncha ya mbao inageuka goti la kuvunjia kuni.

Kibaya zaidi, faiba haivunjiki ukasikia. Inajikunja polepole. Sehemu iliyo nyuma ya mbao inalegea kushuka, na pale penye ncha ya mbao panabonyea kwenda ndani. Ukirudi majini, ule mkunjo unainua tezi na kuzamisha pua. Boti ile ile, mashine ile ile, lakini sasa pua inachimba maji, spidi haipandi, petroli inakwisha, na ukikata kona inavuta upande. Mtu atabadilisha propela, atafungua kabureta, atamsema muuza petroli, na ugonjwa uko chini ya miguu yake. Huko ndani mihimili ya urefu inaanza kuachana na faiba, plywood ya tezi inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia, inaoza kimyakimya. Tiba yake ni kuipindua boti, kukata, kusaga na kupaka faiba upya. Hesabu hiyo sikuandikii, utakosa hamu ya kula.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mbao zifike usawa wa tezi au zipite sentimita mbili tatu, NA chini ya mwisho wake kuwe na chuma cha kukatisha cha trela, kile kinacholala kutoka ubavu hadi ubavu. Hiyo "na" ndiyo inayorukwa. Fremu ya futi 15 imeishia pale pale, fundi anaweka mbao ndefu inayozidi fremu kwa nusu mita, anaivika kapeti, inapendeza, unapiga picha. Nenda kaibonyeze ile ncha kwa mkono. Ikicheza kwa mkono wako, itafanya nini kwa mashine barabara ya Uvinza?

Chuma cha mwisho kisiwe zaidi ya sentimita 20 hadi 30 kutoka ncha ya mbao, na mabano ya kushikia mbao yafuatane kila sentimita 60 au 70. Fremu ikirefushwa, usikubali iungwe kichwa kwa kichwa na kuchomelewa juujuu. Lazima chuma kiingie ndani ya kingine na kulaliana pande zote mbili za kiungo. Mbao yenyewe, mkuu, unakwenda Tabora kwenye mninga, usije ukaweka paini. Mninga mbili kwa sita, ilazwe bapa ifuate mteremko wa chini ya boti. Vichwa vya bolti vizame ndani ya mbao sentimita moja au zaidi, kwa sababu kapeti likiliwa kichwa cha bolti kinakuwa keekee. (Mwenye boti ya alumini asitumie mbao iliyotiwa dawa yenye shaba, inakula alumini.)

Mbao zipite chini ya mihimili ya ndani. Gonga chini ya boti kwa kifundo cha kidole: penye mlio wa debe tupu hapana kitu, penye mlio mzito kuna mhimili. Zisikalie ile migongo myembamba inayotokeza chini. Boti ikishakaa, pitisha kipande cha karatasi kati ya mbao na boti kuanzia mbele hadi nyuma. Kinapopita bure, hapo boti haijaegemea. Usiku ni rahisi zaidi: mwenzako amulike tochi ya simu upande wa pili, wewe tafuta mwanga.

Ndugu wa juu aliyeshauri uchomeke matairi chakavu chini ya tezi, kwa heshima zote, matairi yanadunda. Hicho ndicho tunachokikimbia.

Tuje kwenye ekseli, maana ukirefusha nyuma na ekseli ikabaki ilipokuwa, umehamisha tatizo kwenye shingo ya trela, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari. Chukulia boti kilo 600, mashine 110, petroli lita 60 ni kama kilo 44, betri, nanga na kamba 45. Hiyo ni 800 karibu kamili. Trela 250. Jumla 1,050. Uzito unaokaa kwenye hichi ya gari (kile kishikio cha kuvutia trela) uwe asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 53 hadi 105. Weka mzani wa kupimia watu chini ya shingo ya trela, ikiwa kwenye kimo kile kile cha hichi, usome. Ukipungua, trela litatikisa mkia mpaka ukose usukani. Ukizidi, pikapu itakaa kitako na tairi za mbele zitakuwa nyepesi. Sogeza ekseli, au nguzo ya winchi (ile ya kuvutia boti juu ya trela) pamoja na boti. Ila ukisogeza boti, rudi uangalie tezi imeishia wapi juu ya mbao. Kila mara.

Mashine ukiiinua kwa safari, usiiache imekalia kale kakishikio kake. Kale ni ka kuegeshea, si ka kuvutia. Weka fimbo ya kuibeba kutoka kwenye fremu. Mikanda miwili nyuma kushuka kwenye trela, mnyororo kwenye kitanzi cha pua, maana winchi peke yake si kifungio. Kaza tena baada ya kilomita 20 au 30. Kizibo cha maji kitoe, pua iwe juu: mvua ya usiku mmoja ikijaza lita 200 nyuma, umeongeza kilo 200 pale pale tunapopahofia. Beringi zikiwa za moto usizitumbukize majini, hata kama ni ziwa lisilo na chumvi. Hewa ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, inasinyaa na kunyonya maji.

Mwenye mashua ya mbao asinifuate kwenye haya. Ile hukalia mkuku, pembeni inategemezwa tu isilale.

Ah, rangi, uliuliza rangi. Yoyote, ila usipake kabla ya kulala chini ya hiyo boti na rula ya alumini ya mafundi plasta, ile ya mita mbili, uilaze kandokando ya mkuku ikiishia kwenye tezi. Ukiona mwanga wa milimita tatu nne kati ya rula na boti, aliyekuuzia alikuwa na trela kama hilo lako, na rangi mpya ingekufichia nyufa.