Ukiwa unatumia ARV (dawa za HIV), usingoje kukohoa sana ndipo upimwe kifua kikuu

Sikuwa nakohoa sana. Kikohozi kidogo tu cha asubuhi, nikasema ni vumbi la Kongowea, maana nauza vitunguu pale. Kilichonitisha ni leso. Nalala nayo kavu, alfajiri naikamua jasho, na feni inazunguka. Mombasa joto ni letu, lakini jasho la joto hukauka ukipata upepo. Lile halikukauka.

Duka moja la dawa lilinipa dawa ya maji ya kikohozi mara mbili. Sikuwaambia naishi na virusi, na hilo najutia. Baadaye makohozi yangu yakaangaliwa kwa hadubini, nikaambiwa sina kitu. Wiki tatu zikapotea.

Ndugu yangu, hapa nisikilize. Mwenye HIV anaweza kuwa na kifua kikuu na hadubini isione kitu: kinga ikishuka, vijidudu kwenye makohozi huwa vichache, au ugonjwa umekaa kwenye tezi, nje ya mapafu. Omba kipimo cha GeneXpert. Mashine hiyo hutoa jibu kwa saa 2 hivi, na husema kama vijidudu ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya kifua kikuu. CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200, uliza pia kipimo cha mkojo cha LAM, hasa kama makohozi hayatoki.

Kliniki ninakochukulia ARV, muuguzi aliniuliza mambo manne: kikohozi, homa, kukonda, jasho la usiku. Mimi nilidhani kikohozi ni mpaka kifike wiki mbili. Kwetu sisi wenye HIV, hata cha siku moja kinatosha kupimwa.

Nilikutwa na kifua kikuu. Matibabu yalikuwa miezi 6, bila malipo: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mkojo ukawa rangi ya chungwa. Ni rifampicin hiyo, usiache dawa kwa kuogopa. Nilipewa na vitamini B6 ya kuzuia ganzi miguuni. Jambo kubwa ni hili: rifampicin huipunguza nguvu dolutegravir, ARV ninayomeza, kwa hiyo nikawa nameza miligramu 50 asubuhi na 50 jioni. Daktari wako asipoligusia, muulize. Usijiongezee mwenyewe.

Na watu wa nyumbani waende wapimwe. Wanangu wote wawili walikutwa salama, wakaanzishiwa dawa ya kinga wiki hiyo hiyo.