Hedhi Inayoyumba: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma

Nina miaka 46, naishi Kongwa. Joto hunipanda ghafla kifuani hadi usoni, kisha natota jasho, hata usiku wa Julai wenzangu wanapojifunika mablanketi. Nimekunywa dawa za malaria mara mbili bila kupimwa. Ni malaria kweli?

Ikiwa siku zako nazo zimeanza kuyumba, yaelekea umeingia katika kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi, ambacho kwa wengi huanza katika miaka ya arobaini na kuchukua miaka kadhaa. Homoni ya estrojeni haitoki tena kwa mpangilio, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hushtuka kwa jambo dogo, ikaisukuma damu kwenye ngozi na kutoa jasho ili kukupoza ilhali hukuwa na joto la kupozwa. Hali hiyo hupita baada ya dakika chache, tofauti na homa, ambayo hudumu na huonekana kwenye kipimajoto. Hata hivyo usikisie. Kipimo cha malaria cha tone la damu ya kidole hutoa jibu ndani ya nusu saa, na kumeza dawa bila kupima kunaweza kuficha ugonjwa mwingine, kama ule wa tezi ya shingo.

Lala na nguo nyepesi ya pamba, na uchunguze kinacholichochea joto lako: kwa wengine ni pilipili au chai ya moto, na kwa kuwa mkoa wetu ni wa zabibu, huenda ni ile glasi ya mvinyo ya jioni. Likizidi, zipo dawa za homoni. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hashauriwi kuzitumia. Ndiyo maana huandikwa na daktari, wala si jirani aliyepona kwazo.

Nina miaka 48, niko Chamwino. Miezi mitano sijaona siku zangu. Niache uzazi wa mpango?

Usiache, na kwanza upime mimba. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na ikitoka mwezi wa 11, hesabu huanza upya. Aliye chini ya miaka 50 hushauriwa kuendelea na kinga kwa miaka miwili tangu hedhi ya mwisho. Aliyevuka umri huo, mwaka mmoja. Wanaotumia sindano au kipandikizi wasitegemee hesabu hii, kwani njia hizo zenyewe huweza kuzuia damu.

Mke wangu ana miaka 47, hapati usingizi na hukasirika upesi. Je, nimemkosea?

Huenda hukumkosea, ingawa ni yeye wa kuulizwa. Anayeamshwa na jasho mara tatu kwa usiku hawezi kuamka mchangamfu. Mpunguzie kazi za alfajiri, na huzuni ikidumu wiki mbili, mfuatane kituo cha afya.

Nina miaka 53, natoka Mpwapwa. Hedhi ilikoma karibu miaka miwili iliyopita, sasa nimeona damu kidogo. Shoga zangu wanasema ujana umerudi.

Mama, shoga zako wanakutania katika jambo lisilo la utani. Damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukomo, hata tone lisilo na maumivu, lazima ichunguzwe. Mara nyingi chanzo ni ukavu wa uke au uvimbe mdogo usio na madhara, lakini yaweza kuwa saratani ya ukuta wa kizazi, ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Usitosheke na kipimo cha siki ulichofanyiwa zamani, maana hicho huangalia shingo ya kizazi tu. Utahitaji picha ya ultrasaundi, na pengine kuchukuliwa kinyama kidogo kwa uchunguzi wa maabara. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, umtajie daktari mwezi uliopata hedhi ya mwisho na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo, na kama hawana vipimo hivyo, uombe rufaa ya kuja mjini Dodoma.