Maswali ya Wasomaji: Palizi Ninayoisogeza Kila Mwaka

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Newala, na nina shamba la mikorosho la ekari tatu nililoachiwa na marehemu mama yangu. Kila mwaka mvua zinapoelekea kukatika huandika kwenye daftari kazi zote za miezi inayofuata, lakini palizi ndiyo hubaki nyuma. Nikitaka kwenda shambani nakumbuka hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mara nakwenda kudai wateja wangu wa vitenge, mara nasafisha banda la kuku, na jua linazama nimechoka kwelikweli. Mwaka jana tulipulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, na wakati wa kuokota, korosho nyingi zilipotelea humo humo. Mume wangu anasema mimi ni mvivu. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mvivu hashindi akihangaika hadi magharibi, kwa hiyo hilo la mumeo tuliweke kando. Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba anayeahirisha kazi mara nyingi hukimbia karaha anayoipata anapoifikiria, na akiikwepa hupata nafuu ya muda mfupi, hata kama anajua kuwa baadaye atalipa. Wewe unapata nafuu hiyo kwa njia inayokusifu, kwa sababu hesabu za kikundi na banda la kuku ni kazi halali ambazo hakuna atakayekulaumu kwa kuzifanya. Ndiyo maana daftari lako halikusaidii: limeipa palizi mstari mmoja sawa na banda la kuku, na mtu akiachiwa achague kati ya mistari iliyo sawa, atachukua ule mwepesi.

Andika palizi peke yake kwenye ukurasa wake. Ndiyo inayobeba msimu mzima, kwani shamba lililofyekwa na kupogolewa matawi yanayogusa chini hupitisha hewa, mwenye mashine ya kupulizia huzunguka mti bila kukwama, moto wa kiangazi hukosa pa kushika, na korosho ikianguka huonekana ikaokotwa kabla haijapoteza daraja lake kwenye majani yenye unyevu. Wateja wa vitenge wanaweza kudaiwa hata saa kumi jioni.

Kisha ikate kazi yenyewe. Ikiwa mikorosho yenu ilipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti ipatayo 28, na shamba lako lote lina kama 84. Ukifyeka chini ya miti minne kila asubuhi na kupumzika Jumapili, utamaliza kabla ya wiki ya nne kuisha. Miti minne haitishi, ilhali “palizi ya ekari tatu” inatisha hata mimi niliyekaa kivulini nikikuandikia. Usiseme tu kwamba kesho utakwenda. Sema kwamba watoto wakishatoka kwenda shule, utachukua panga uelekee shambani kabla ya kushika simu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye saa na mahali maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Mwambie pia mwekahazina mwenzako kwamba hesabu zitafanywa mchana, maana usipomwambia atakuja asubuhi, nawe utafurahi kimoyomoyo kwamba amekuja.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nachingwea. Nina ufuta unaokaribia kukomaa na pia mikorosho inayodai palizi. Kila nikishika kimoja naona nimekosea, mwishowe nashinda kijiweni. Kilicho muhimu zaidi ni kipi?

JIBU: Korosho inaweza kukuingizia fedha nyingi zaidi, lakini kwa sasa anza na ufuta. Majani yakianza kuwa ya njano na vitumba vya chini kukaribia kupasuka, kila siku unayochelewa mbegu zinamwagika ardhini na hakuna wa kuzirudisha, wakati nyasi za chini ya mikorosho zitakusubiri wiki mbili bila hasara kubwa. Kwa hiyo usipime umuhimu kwa ukubwa wa fedha peke yake. Uliza ni kipi kitakachoharibika kabisa kisipofanywa wiki hii. Kata ufuta, funga matita, yasimamishe yakauke, andaa turubai la kukung’utia, na siku hiyo hiyo utakayomaliza kukung’uta panga tarehe ya kuingia kwenye mikorosho, kabla hujarudi kijiweni kusimulia mavuno.