Umeme wa karakana nyuma ya nyumba: chimba futi mbili, na usifukie kabla ya kupima

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema umejenga banda la useremala na kuchomelea nyuma ya nyumba, mita kama 40 kutoka kwenye mita ya LUKU. Fundi wako anataka kupitisha waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba, unene wa shaba yake) ndani ya paipu, futi moja chini, na amekuambia kazi itaisha siku moja. Unauliza kama inatosha, na kama mtaro unaweza kuchimba mwenyewe ili kuokoa hela.

Mtaro chimba mwenyewe, hakuna shida. Futi moja haitoshi, na huo waya ni mdogo. Nitakueleza kwa nini, maana mimi nilikubali maneno kama hayo hayo mwaka 2017 hapa Kihonda, Morogoro.

Kwangu ilikuwa hivi. Karakana iko mita 38 kutoka nyumbani. Fundi alikuja asubuhi, akachimbua kwa jembe kina cha shubiri moja hivi, akalaza waya wa kawaida wa ndani ya nyumba bila paipu, katikati akaunga kwa sababu roli liliishia pale, akazungushia selotepu nyeusi, akafukia. Jioni taa zinawaka, msumeno unazunguka, nikamlipa nikiwa na furaha. Miaka miwili baadaye, mvua za vuli zilipoanza, mke wangu aliamua kulima tuta la mchicha nyuma ya jiko. Hakujua waya umepita wapi. Mimi mwenyewe sikukumbuka vizuri, kwa hiyo sikumwonya. Jembe likaukata.

Kulitokea mwali na mlio kama wa baruti. Mungu alisaidia mpini ulikuwa mkavu na alivaa gambuti. Breka nyumbani ilidondoka kwa sababu jembe liligusa waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, ikawa shoti kamili. Hilo lilinikosesha usingizi wiki nzima nilipoelewa maana yake: jembe lingekata waya wa moto peke yake, breka ya ampea 32 isingedondoka. Umeme unaopita kwenye udongo au kwenye mwili wa mtu ni mdogo mno kuidondosha breka, lakini unatosha kabisa kuua. Lile jembe bado ninalo. Makali yake yana pengo lililoyeyuka, kidole gumba kinaingia.

Ndiyo maana nikisikia futi moja siwezi kunyamaza. Jembe la mkono likishushwa kwa nguvu kwenye ardhi laini linafika robo tatu ya futi bila taabu. Futi moja inakuachia inchi chache tu za usalama, na udongo wa juu nao huondoka na mvua. Mimi nasema sentimita 60, yaani futi mbili kamili, ukipima kutoka usawa wa ardhi hadi juu ya kebo. Pale ambapo gari litapita, kama lori la Canter linaloleta mbao, shuka hadi 75.

Lakini hata futi mbili peke yake haitoshi, kwa sababu shimo la kupandia mgomba nalo huwa futi mbili. Kwa hiyo unaweka onyo juu ya kebo. Kuna utepe wa plastiki wa njano au mwekundu wenye maandishi ya tahadhari ya umeme, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Unaulaza sentimita 30 kutoka juu, mtaro mzima. Anayechimba anakutana na utepe kwanza, anasimama, anauliza. Mimi niliongeza na matofali ya kuchoma yaliyolazwa chali juu ya mchanga unaofunika kebo. Ni kazi ya ziada lakini sijuti hata kidogo.

Sasa waya. Hapa wengi tunapoteza mashine bila kujua sababu. Msumeno wangu wa meza una mota ya farasi 3, sawa na kilowati 2.2. Kwa umeme wetu wa volti 230 unakula kama ampea 14 ukiwa kwenye mwendo, lakini sekunde ile unapouwasha unavuta mara tano hadi saba ya hapo. Waya mwembamba na mrefu unaila volti njiani. Hesabu yake ni rahisi: waya wa shaba wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 18 kwa ampea 32 za ile breka kwa mita 38, unapata kama volti 22 zimepotelea njiani. Karakana inabaki na 208 wakati wa mzigo wote, na chini zaidi mota inapoanza. Kanuni za Kiingereza ambazo mafundi wetu wengi wanazifuata zinaruhusu kupoteza asilimia 5 kwa mashine, yaani volti 11.5, na asilimia 3 kwa taa, kama volti 7.

Waya wa 6 unapoteza milivolti 7.3, kwa umbali wangu ni karibu volti 9. Mashine zimepona, taa bado. Waya wa 10 unapoteza 4.4, ni volti 5 na kidogo. Nikachukua wa 10. Bei iliuma, lakini kwa ile miaka miwili ya kwanza nilikuwa nimeshaunguza kapasita mbili za msumeno nikidhani ni feki. Mota ilikuwa inanguruma bila kuzunguka kila nikilisha ubao wa mninga mnene, nami nikalaumu duka. Tangu nibadilishe kebo sijanunua kapasita nyingine. Kwako ni mita 40 na kuna kuchomelea juu yake, kwa hiyo usishuke chini ya 10.

Aina ya kebo: nunua ile ya ardhini yenye nyuzi za chuma zilizozungushwa chini ya ganda jeusi, yenye waya tatu ndani. Waya wa nyumbani ndani ya paipu ya PVC unaweza kufanya kazi kama paipu ni nzito, imegundishwa vizuri na haina maji, lakini huku kwetu nimeona mchwa wakila ganda la plastiki, na panya buku wanachimba popote (hawa hawa ambao hapa Morogoro wanafunzwa kunusa mabomu ya ardhini). Nyuzi za chuma zinawashinda wote wawili. Zaidi ya hapo, nyuzi hizo zikiunganishwa na ethi (waya wa ardhi) kwa glandi ya shaba, yaani kifungio cha mwisho wa kebo, upande wa nyumbani, jembe au mtaimbo utakaozitoboa utakutana na ethi kabla ya kufikia waya wa moto.

Hata kwenye kebo hiyo mimi niliweka paipu ya inchi 2 sehemu mbili tu: inapopita chini ya njia ya gari, na inapopanda ukutani. Kona isiwe kali. Kebo hii haipendi kukunjwa, ipe mviringo ambao nusu kipenyo chake hakipungui shubiri moja.

Turudi kwenye mtaro wenyewe, maana ndiyo kazi yako. Usianze na sururu. Anza na vigingi na kamba. Tembea njia yote ukijiuliza: bomba la maji limepita wapi? Shimo la choo na karo viko wapi? Huo mwembe mizizi yake imefika wapi? Na je, kuna siku utajenga chumba cha uani hapa? Njia fupi kuliko zote kwangu ilipita kati ya choo na mwembe, nikaiacha. Nilifuata ukuta wa uzio, mita moja kutoka msingi, halafu kona moja ya mraba hadi karakana. Mistari iliyonyooka na kona za mraba zinamsaidia mtu wa baadaye kukisia, wakati njia ya mshazari uwanjani hakuna atakayeikumbuka. Palipo na shaka ya bomba chimba kwa mkono, taratibu, kwa beleshi. Mtaimbo weka pembeni.

Msimu nao una maana. Nilichimba Juni 2020, wiki chache baada ya masika kuisha. Udongo ulikuwa bado na unyevu lakini maji hayasimami. Oktoba ardhi yangu ni kama zege, na Aprili mtaro ungegeuka mfereji. Upana wa beleshi moja, sentimita 30, unatosha. Mita 38 kwa kina na upana huo ni karibu mita 7 za ujazo za udongo, usiudharau. Mimi na mdogo wangu ilituchukua siku tatu, tukianza saa 12 asubuhi na kuacha jua likiwa kali. Udongo wa juu wenye rutuba tuliuweka upande mmoja, ule wa chini upande mwingine, hatua moja kutoka ukingoni ili usirudi ndani. Kila jioni tulifunika kwa mabati na mbao. Kuna watoto kwa jirani, na mtaro wazi gizani unavunja mguu wa mtu.

Chini kabisa toa mawe yote, mwaga mchanga laini wa sentimita 5 hadi 10, laza kebo ikiwa na ulegevu kidogo kama nyoka anayetambaa. Usiivute ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Sehemu ya kiwanja changu ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na kebo iliyokaza kwenye udongo wa namna hiyo inavutwa hadi ichomoke kwenye glandi. Mchanga tena juu, matofali, udongo kwa tabaka huku ukishindilia, utepe, kisha udongo wa rutuba mwisho. Na usikubali kiungo chochote ndani ya ardhi. Nunua kebo nzima ya urefu wako, ongeza mita tatu za kupanda kuta.

Kabla ya beleshi la kwanza la kufukia, kebo ipimwe kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme. Kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na chuma, isomeke angalau megaomu 1. Kebo mpya itasoma juu sana ya hapo. Ipime tena baada ya kufukia. Fundi asiye na mega usimruhusu afukie. Kazi ya kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), umwombe akuonyeshe hiyo leseni, hakuna ubaya.

Mwambie fundi huyo mambo haya matatu na umsikilize anavyojibu. Karakana iwe na boksi lake la breka na swichi ya kukata umeme wote, mlangoni, si nyuma ya rundo la mbao. Iwe na RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 kwa soketi na mashine, na nyumbani mwanzo wa kebo pawe na nyingine ya miliampea 100 yenye kuchelewa, ambayo ndiyo inayolinda mtaro wenyewe. Hiyo ingekuwepo 2019, ingeweza kukata umeme hata kama jembe lingegusa waya wa moto peke yake. Na karakana ichimbiwe nondo yake ya ethi, ya shaba, mita 1.2 au zaidi, mahali penye unyevu, ipimwe kwa kifaa. Akikuambia ethi ya nyumbani inatosha bila kupima chochote, tafuta mwingine.

Kuhusu kupitisha juu kwa nguzo: inawezekana na ni rahisi zaidi. Mimi sikutaka kwa sababu nabeba mbao za futi 14 begani na lori linaingia na mzigo mrefu.

Jambo la mwisho ambalo halina gharama. Mtaro ukiwa wazi na kebo imelala, piga picha kila mita tano, futi kamba ikiwa ndani ya picha ikionyesha kina na umbali kutoka ukutani. Kisha chora ramani kwa kalamu isiyofutika, vipimo kutoka pembe mbili za nyumba, ubandike ndani ya mfuniko wa boksi la breka. Mke wangu ndiye aliyeichora ya kwetu, na anapolima sasa anaangalia kwanza.

Pima umbali wako kwa futi kamba, usikisie kwa hatua, halafu weka hapa urefu kamili na maandishi ya kibati cha kila mashine, hasa ile ya kuchomelea. Nitakupigia hesabu ya volti kabla hujaenda dukani.